Bolti Iliyokwama

Muhoroni,
6 Machi 2023

Mama Frankline, shemeji yangu Milka,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi la miwa. Tuko wazima, isipokuwa Maximilla anayelalamika goti, na mimi ambaye nimeacha kulalamika kwa kuwa mke wangu hanisikilizi. Griffin wetu amepata kazi kwenye mizani ya kiwanda, anapima trekta zikiingia na miwa. Amenunua viatu vyeusi na sasa anatembea juu ya mawe ili visichafuke. Tunamcheka, lakini mshahara wake ndio unaotununulia sukari, hapa hapa inapotengenezwa.

Masikio yangu ni yale yale. Miaka thelathini ya kujaribu bunduki za askari wa wanyamapori imeniachia kusikia radi tu, tena radi yenyewe iwe karibu. Frankline alipiga simu juzi, Griffin akaongea naye kwa niaba yangu, wakacheka, na mpaka leo sijui niliambiwa nini. Ndiyo sababu nakuandikia. Simu yako iliungua, na ujumbe nikiutuma kwa simu ya mwanao utasomwa na nyumba nzima. Huyu Wabwire mchuuzi wa samaki, anayetoa omena kwenu Kusa na kuileta huku kila Jumanne atatubebea barua. Ni mwaminifu, hasa bahasha ikiwa na gundi.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Polisi wameniletea bunduki ya baba, pamoja na barua. Wanasema ilitolewa kwenye majivu ya nyumba ya marehemu kaka yangu Oduor, wamekaa nayo miezi minne, na kwa kuwa mimi ndiye fundi mwenye kibali katika familia, ama niitengeneze iwe salama kukaa nyumbani, ama niirudishe ikavunjwe. Frankline anataka iwe tayari siku ya kumbukumbu ya baba yake, mwezi wa kumi. Anaitaka ing'ae.

Milka, nilipolifungua lile gunia nilikaa chini. Kitako cha mbao kimekwisha, kimebaki misumari miwili. Mtutu una rangi ya kutu na majivu. Hii ndiyo bunduki aliyopewa baba na serikali ya zamani ili apige viboko waliokuwa wakiua watu mdomoni mwa mto Sondu, na baadaye akaachiwa kwa leseni, na leseni ikaja kwa Oduor kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mimi nilijifunza ufundi wangu wote kwa kuisafisha. Nilikuwa na miaka saba.

Bolti imekwama. Ni ile sehemu ya chuma inayovutwa nyuma ili risasi iingie au ganda litoke. Nimeiloweka kwenye dizeli na mafuta ya taa, na nitaiacha humo muda mrefu, kwa sababu chuma kilichoungua hakilazimishwi. Nina swali moja tu. Kulikuwa na risasi ndani? Kaka yangu hakuwa mtu wa kulaza bunduki na risasi tumboni.

Nisalimie binti yako Maryanne. Mwambie ajibu maswali ya hesabu kwanza, insha baadaye.

Shemeji yako,
Enos Odongo


Kusa,
2 Aprili 2023

Baba Griffin,

Barua yako imefika ikinuka omena lakini nimeisoma yote. Mpe Maximilla pole ya goti. Mwambie akande kwa maji moto na chumvi, na akuache wewe uchote maji.

Sisi tupo. Maryanne ameingia kidato cha nne. Frankline anafanya kazi ya kubeba mchanga Ahero na anarudi Jumamosi. Ziwa limerudi nyuma hatua kama ishirini, lakini halijaturudishia kitu. Tangu lilipopanda mwaka wa 2020 hatujapanda hata mstari mmoja wa mahindi. Pale palipokuwa shamba sasa ni matete na ndege. Kaburi la baba yenu bado liko chini ya maji. Unajua Oduor alikuwa akienda kusimama pale kila jioni. Alikuwa anarudi suruali ikiwa imelowa hadi magotini, nami nilikuwa naianika tu.

Mimi ninalala jikoni. Huu ni mwezi wa sita sasa tangu moto. Mvua ikija kutoka upande wa ziwa inapita chini ya mlango, nalala juu ya meza. Nashukuru cherehani ilinusurika, nashona sare za watoto wa shule na tunakula. Nyumba siwezi kuijenga, na wewe unajua kwa nini. Mjane hajijengei. Lazima ndugu wa mume wangu achimbe shimo la nguzo ya kwanza, na ndugu wa mume wangu ni wewe peke yako. Nilidhani ungekuja baada ya mazishi. Hukuja.

Sasa hata ukitaka kuja, wazee wamezuia. Valarie, jirani yetu wa upande wa mto, amesema kanisani kwamba siku ile alisikia mlio mkubwa kabla hajaona moshi. Amesema hivyo bila ubaya, ni mtu wa kuongea tu. Lakini Mzee Ouma, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, amelishika neno hilo. Alikuja hapa na fimbo yake, akakataa kiti. Akaniita binti wa kwetu Sondu, akasema, "Nyar Sondu, hii maneno ya nyumba ingoje kwanza. Enos afungue hiyo bunduki aone. Kama Oduor alienda vibaya, hatuwezi kumwacha alale ndani ya boma."

Unafahamu maana yake. Wanaokufa kwa mikono yao huzikwa nje ya ua, bila kuliliwa, na kabla ya hapo mwili huchapwa fimbo. Oduor yuko hapa mkono wa kulia wa mahali nyumba ilipokuwa, na watu mia nne walimlilia. Wakimtoa, na sisi tumetoka.

Umeniuliza kama kulikuwa na risasi. Sijui mambo ya bunduki. Nakuomba kitu kimoja, shemeji. Isafishe nje. Ipake mafuta, ing'ae kama Frankline anavyotaka. Ndani iache ilivyo.

Milka Akinyi


Muhoroni,
23 Mei 2023

Shemeji Milka,

Usinihesabie siku. Kiwanda kilinipa mashine tatu za kusagia visu vya miwa, halafu mvua ikakata barabara, halafu Wabwire akawa mgonjwa wa malaria. Goti la Maximilla limepona. Maji nachota mimi, kama ulivyoagiza, na nimetambua kwamba nyinyi wanawake huwa mnaandikiana nyuma yangu.

Nisikilize kuhusu kazi. Nimepata mbao ya mvule iliyokauka miaka kumi na minne, ilikuwa kizingiti cha duka la Mhindi huku mjini. Nimechora kitako juu yake kwa kukumbuka, kwa sababu hata nikifumba macho bega langu linakijua. Pale shavu linapolala, kitako cha baba kilikuwa na kovu la jino la kiboko, mahali mbao ilipoliwa. Nimekichonga na kovu hilo pia. Maximilla ameniuliza kwa nini naharibu mbao nzuri.

Mtutu nimeusugua kwa brashi ya waya na mafuta, saa mbili kila asubuhi. Halafu nikapitisha tupa kwenye mkono wa bolti. Chuma cha pale ni kigumu, tupa inapaswa kuteleza. Hiki kilimomonyoka kama sabuni. Maana yake moto umeondoa ugumu wote. Bunduki hii ikipigwa tena italipukia usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo mwambie Frankline aache ile ndoto yake ya kupiga risasi moja hewani siku ya kumbukumbu. Alinitumia ujumbe kupitia Griffin: "Uncle, moja tu, ya heshima, alafu tunaiweka." Mwambie nimesema hapana, na heshima ya baba yake haiko kwenye kelele.

Bolti bado imefunga. Umesema niiache ndani ilivyo. Milka, nimewahi kutengeneza bunduki zaidi ya elfu mbili na hakuna niliyoing'arisha nje nikaiacha ndani. Siwezi kuweka jina langu kwenye cheti cha usalama cha bunduki ambayo sijaiona tumbo. Na wazee wanangoja neno langu, wewe mwenyewe umeandika. Nikisema sikufungua, watasema nimeogopa, na hilo ni baya kuliko nikifungua.

Viboko wanawasumbua bado huko?

Enos


Kusa,
11 Juni 2023

Baba Griffin,

Tunawasalimu. Maryanne ana mtihani wa majaribio. Paa la jikoni linavuja sehemu mbili, Frankline ameweka turubai.

Viboko gani? Waje kula nini? Hawajakanyaga kwetu tangu maji yapande. Wako upande wa Nyakwere ambako bado kuna mashamba. Miaka mitatu sasa sijaona hata nyayo.

Nami nina swali langu. Oduor alikuja kwako Muhoroni mwaka jana, Jumatatu moja mwanzo wa mwezi wa kumi, wiki mbili kabla ya moto. Aliniambia anakwenda kumtafutia Frankline kazi kiwandani. Alirudi kesho yake akiwa mchangamfu, akala sahani mbili, nikafurahi. Frankline anasema hakuna aliyemtafutia kazi yoyote. Alikuja kufanya nini?

Milka


Muhoroni,
30 Agosti 2023

Shemeji Milka,

Najua nimechelewa. Nilikuwa na homa mwezi wa saba, halafu sikuwa na homa na bado sikuandika. Maximilla anakusalimu. Amekutumia kilo mbili za sukari na kitambaa cha bluu, viko kwa Wabwire. Sare za bluu zinauzika, anasema.

Tarehe kumi na tisa bolti ilifunguka. Nilikuwa nimeipasha joto kidogo kidogo kwa taa ya kuchomelea, napaka mafuta, naacha ipoe, napasha tena. Mara ya tisa mkono ukanyanyuka wenyewe. Nikavuta nyuma, na ganda likaangukia mezani. Ganda tupu.

Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu wewe ni mtu wa kuelezwa. Risasi inaweza kulia ndani ya bunduki kwa njia mbili. Ya kwanza, nyumba ikiungua, joto lenyewe hulipua baruti. Hapo sehemu ya chini ya ganda hubaki laini, haina alama. Ya pili, mtu anavuta kifyatulio, pini inagonga ganda kwa nyuma, na hubaki kishimo. Kishimo hicho hakifutiki kwa moto.

Ganda hili lina kishimo.

Inawezekana Oduor alipiga kitu siku nyingine, akasahau ganda ndani. Mimi niko tayari kuamini hivyo ukiniambia. Lakini baba alitufundisha kwamba ukimpiga kiboko rudisha bolti kabla hujameza mate, kwa kuwa kiboko hugeuka. Oduor alikuwa anarudisha bolti hata alipopiga kopo. Mkono wake haukungoja akili. Mara moja tu katika maisha yake bolti haikurudishwa.

Mzee Ouma alikuja hapa Jumapili, yeye na Frankline. Hakukataa kiti changu. Frankline alikuwa ananiandikia kwenye daftari kila alichosema mzee, na mkono wa kijana ulikuwa thabiti, maana yeye anaamini kabisa kwamba baba yake aliungua. Mzee anataka neno langu kwa maandishi, na sahihi, lisomwe siku ya kumbukumbu mbele ya ukoo. Aliandikisha hivi: "Enos hajawahi kudanganya juu ya bunduki. Ile ataandika, tutashika hiyo." Halafu akanipigapiga goti.

Ni kweli. Nimedanganya juu ya mambo mengine, hata kanisani, lakini juu ya bunduki sijawahi. Kuna watu walifungwa kwa sahihi yangu na wengine wakaachiliwa.

Kabla sijaandika, niambie siku ile ilikuwaje. Ningesema uichome barua hii ukimaliza kusoma, lakini sithubutu kukuandikia neno hilo.

Enos


Kusa,
17 Septemba 2023

Baba Griffin,

Sukari imefika, kitambaa kimefika. Mwambie Maximilla nimeshapata wateja sita. Maryanne ni mzima, anasoma kwa taa ya sola ya kanisa.

Nimekaa na barua yako siku kumi na mbili. Mara tatu nimeandika kwamba alisahau ganda, na mara tatu nimechana. Umenipa mlango wa kutokea, nimeuona, asante. Siutaki. Nimechoka kulijua jambo hili peke yangu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na tatu. Oduor alisema tumbo linamuuma, tuende kanisani sisi. Maryanne alibaki kanisani na kwaya, Frankline alikuwa Awasi. Nilirudi peke yangu kama saa saba mchana. Nikiwa kwenye kichochoro cha matete nilisikia mlio. Nilidhani ni tairi ya lori kule barabarani. Nilipofika nilimkuta chumbani, ameketi sakafuni, ameegemea kitanda. Alikuwa amevaa koti lake la harusi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Sikupiga kelele. Mpaka leo hilo linanishangaza, mimi ninayepiga kelele nikiona nyoka. Niliketi naye. Nikamshika mguu, suruali ilikuwa bado na unyevu, kwa hiyo alikuwa amekwenda ziwani asubuhi kwa baba yenu. Nikamuuliza kwa nini, nikakaa kana kwamba atajibu. Halafu nikafikiri juu ya fimbo. Nilishaona hayo yakifanywa kwa binamu yako kule Nyabondo, wewe ulikuwa kazini. Wazee wanachapa maiti na mke anasimama kutazama, na watoto wake wanatazama. Nikamwona Maryanne akitazama.

Mafuta ya taa yalikuwa nusu dumu.

Nitakuambia na hili, kwa kuwa likibaki halijasemwa litaniua. Kabla sijawasha kiberiti nilitoa cherehani. Nilikuwa nimeshamwaga mafuta, mume wangu yuko pale sakafuni, nami nikarudi ndani nikabeba cherehani, nikaiweka chini ya mti wa mchungwa. Nilijua nitakuwa mjane na watoto watakula. Akili yangu ilikuwa safi kabisa. Watu wakiniambia nimshukuru Mungu ilinusurika, mimi naitika amina. Kila siku nakanyaga ile pedali.

Ndipo nikapiga kelele, na walikuja. Daktari aliandika moto, na moto ndio aliouona. Nilidhani moto umekula kila kitu. Sikujua kwamba chuma kinaweka kumbukumbu.

Sasa unajua. Wewe ni mtu wa kanisa na wa mila, na ni ndugu yake wa tumbo moja. Ukiandika ukweli sitakulaumu. Nitawafungasha watoto tuende kwa kaka yangu Sondu. Naomba tu unitumie neno kabla ya siku yenyewe, nisije nikasikia nikiwa nimeketi mbele za watu.

Hukujibu swali langu la mwezi wa sita. Alikuja kwako kufanya nini?

Milka


Muhoroni,
9 Oktoba 2023

Milka,

Leo sina salamu ndefu. Sote wazima.

Hii ndiyo karatasi itakayosomwa tarehe ishirini na moja. Nimeinakili hapa ili uisikie kwanza ukiwa peke yako, kama ulivyoomba:

"Mimi, Enos Odongo, fundi wa bunduki mwenye kibali, nimeifungua na kuikagua bunduki ya marehemu Oduor. Ndani nilikuta ganda moja. Ganda hilo halina alama ya pini. Risasi hiyo ililipuka kwa joto la nyumba iliyokuwa ikiungua, na huo ndio mlio uliosikika. Naweka sahihi yangu kwamba hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu."

Nimeipiga muhuri. 

Moshi kuonekana baada ya mlio pia nimemweleza Mzee Ouma. Nimemwandikia kwamba nyumba ya bati huweka moto ndani kwanza, moshi ukachelewa kutoka. Amekubali. Anayekubali fundi hukubali mpaka mwisho.

Sasa swali lako. Ningeweza kulikimbia mpaka nife, kwa maana hakuna mtu mwingine anayejua. Hata Maximilla hajui.

Bunduki ya baba ilikuwa imekufa miaka tisa. Pini yake ilivunjika, na Oduor aliiweka kama picha ya ukutani, risasi zake nne zikiwa kwenye kopo la kakao. Tarehe kumi Oktoba mwaka jana alikuja nayo, imefungwa kwenye mkeka. Akaniandikia kwenye daftari: viboko wanamaliza mahindi yangu, nitengenezee. Mimi sikuuliza mahindi gani. Miaka mitatu nilikuwa sijaja kwenu. Sikujua kama shamba lipo au halipo. Nilikuwa najua kwamba ziwa limepanda, kila mtu anajua, lakini sikujua kwamba limepanda juu ya kaka yangu.

Nilifurahi, Milka. Niambie ni fundi gani asingefurahi. Nilichonga pini mpya kutoka kwenye springi ya trekta, kazi ya saa nne. Mwishoni nilikuwa na haraka, chai ilikuwa inapoa, nikaacha ncha ina upande mmoja bapa. Nilijua haitadhuru. Nikaijaribu kwenye ganda lisilo na baruti, ikagonga vizuri, nikamwonyesha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani ananishukuru kwa bunduki.

Kishimo kilicho kwenye ganda lile kina upande mmoja bapa.

Ndiyo sababu sikuja kuchimba shimo la nguzo baada ya mazishi. Niliposikia kuna nyumba imeungua na bunduki ilikuwa ndani, sehemu ya moyo wangu iliuliza swali, nami nikajifanya kiziwi hata huko. Nilikuacha ulale jikoni mwaka mzima ili nisijue.

Pini nimeikata kwa msumeno vipande vitano. Mtutu nimeuziba kwa chuma na kuuchomelea. Kitako kimekaa vizuri, mvule imekuwa nyeusi kwa mafuta ya kitani, na kovu la jino la kiboko liko mahali pake. Ni bunduki nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza na haitamuua hata panya. Ganda nitalitupa mto Nyando nikivuka pale Ahero.

Nitafika Ijumaa na nguzo moja ya mti wa kei, nimeichonga mwenyewe. Alfajiri ya Jumamosi nitachimba shimo kabla watu hawajajaa. Nikisimama mbele yako usiniambie chochote kuhusu barua hii, kwa kuwa nitakuwa nakutazama midomo. Niandikie baadaye. Niambie kama unanilaumu.

Enos


Kusa,
5 Novemba 2023

Shemeji,

Asanteni kwa kuja. Mliponiaga Maximilla alitusemea wote wawili, Mungu ambariki. Nyumba imeezekwa Jumatano. Bado haina sakafu, lakini mvua ya juzi sikuisikia miguuni. Nimelala humo usiku wa nne sasa. Nguzo yako ndiyo iliyo karibu na kichwa changu.

Frankline ametundika bunduki sebuleni. Anaifuta kila Jumamosi kwa kitambaa cha gauni langu la zamani, nimemwacha. Anakuja na vijana wenzake anawaonyesha kovu la jino. Anasema, "Hii ilikuwa ya guka, ikakuwa ya baba, saa hii ni yangu." Ananiuliza kama siku moja uncle anaweza kuirudishia uhai. Nimemwambia akuulize wewe. Akikuuliza, mkasirikie.

Umeuliza kama nakulaumu. Nakulaumu. Ungeuliza ni mahindi gani, ungeuliza kwa nini kaka yako amekonda, labda tungekuwa na mwaka mwingine naye, labda tusingekuwa nao. Mimi nilianika zile suruali miaka miwili na sikumuuliza anachotafuta majini, kwa hiyo nilaumu na wewe. Usinionee huruma. Afadhali tulaumiane sisi tunaojua kuliko kulaumiwa na wasiojua.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukulipata siku ile, kwa sababu ya masikio yako. Mzee Ouma alipokuwa anasoma karatasi yako kando ya kaburi, wewe ulikuwa umesimama upande wa pili, mikono nyuma, unamtazama mdomo. Alisoma polepole. Alipofika mahali pa "halina alama ya pini", Valarie alianza kulia, akaja akanipigia magoti na kuniomba msamaha kwa maneno yake ya kanisani. Nilimwinua. Nikamwambia nimemsamehe. Mzee alipomaliza hakuikunja karatasi. Aliligeukia kaburi, akamwita mwana wa baba yenu, akasema, "Oduor, wuod Odongo, tumekukosea kukufikiria vibaya. Ndugu yako amekusafisha. Lala." Na watu wote wakaitika, na wanaume wazima wakalia.

Nilikuona ukitazama chini kabla hajamaliza. Hukusikia neno lolote. Uliepushiwa hilo.

Mimi nilisikia, shemeji. Nilisikia kwa ajili yetu wawili, na kila nikikanyaga pedali ya cherehani nalisikia tena. Njooni Krismasi. Tutaketi sebuleni chini ya ile bunduki, tutakula, na Frankline atatuomba tumsimulie baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Itabidi mmoja wetu aanze.

Milka